Ardhi Inapotitia: Kompyuta Yaweza Kutuambia Nini?

Katika mazungumzo yetu ya leo nitajibu barua ya msikilizaji mmoja wa Newala, mwalimu mstaafu, ambaye amenitaka nieleze jambo lililomtatiza. Anasema amesikia kwamba katika nchi zenye migodi mikubwa ya chini ya ardhi wataalamu huketi mbele ya kompyuta na kutabiri ni wapi ardhi itadidimia, itadidimia kiasi gani na nyumba zipi zitapasuka. Anauliza: je, hii ni elimu ya kweli au ni ramli iliyovaa suti? Tena anauliza: sisi watu wa Masasi na Newala, ambao hatuna mgodi mkubwa wa chini ya ardhi, jambo hilo latuhusu nini?

Ni maswali mazuri, nami nitaanza na lile la pili, kwa sababu mtu hasikilizi kwa makini jambo ambalo hajui linamgusa vipi.

Ni kweli kwamba Newala leo inajulikana kwa korosho na kwa taabu ya maji, si kwa migodi. Hata lile bonde kubwa linaloitwa Shimo la Mungu, ambalo wageni huenda kulitazama pembezoni mwa mji, halikuchimbwa na mtu. Ni ukingo wa uwanda wa Makonde, uliochongwa na maji na upepo kwa muda mrefu mno. Lakini tutazame jirani zetu. Huko Ruangwa kinywe kimeanza kuchimbwa. Nachingwea, katika kilima cha Ntaka, iligunduliwa nikeli. Tunduru, tangu vito vilipogunduliwa kwa wingi katikati ya miaka ya 1990, maelfu ya watu wamechimba kandokando ya mto Muhuwesi, na miongoni mwao wamo vijana wa Masasi na Newala. Na katika miaka ya hivi karibuni malori ya makaa ya mawe kutoka Mbinga yamekuwa yakipita Masasi kuelekea bandari ya Mtwara.

Machimbo hayo mengi ni ya wazi, yaani shimo huchimbwa kutoka juu na kila mtu huliona. Lakini madini hayana desturi ya kuishia pale mchimbaji anapochoka. Mwamba wenye madini ukiingia chini, mchimbaji naye huufuata. Bulyanhulu, mgodi wa dhahabu uliofunguliwa mwaka 2001 katika eneo la Kahama, ni wa chini ya ardhi na umepita kina cha mita 1,000. Kiwira, mgodi wa makaa ya mawe uliojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1988, ulichimbwa chini ya ardhi. Mradi wa nikeli wa Kabanga, huko Ngara, nao umepangwa kuwa wa chini ya ardhi. Kwa hiyo mtu wa kusini anayesema jambo hili halimhusu anasema tu kwamba zamu yake haijafika. Nayo elimu ya kumfaa mwanakijiji ni ile anayoipata kabla mkutano haujaitishwa, siyo ile anayoipata ukuta wa nyumba yake ukishapasuka.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza. Ili tujue kama kompyuta inaweza kutabiri, lazima kwanza tujue ni kitu gani hasa kinachotokea.

Mtu akitoa kitu chini ya ardhi, huacha uwazi. Mwamba ulio juu ya uwazi huo ulikuwa umelala juu ya kile kilichotolewa. Sasa umekosa mto wa kulalia. Hapo ardhi yaweza kufanya moja ya mambo mawili.

Jambo la kwanza ni kutitia polepole katika umbo la bakuli. Wazee wangu, mnakijua kitanda cha kamba. Mtu akikaa katikati, kamba zinazobonyea si zile alizozikalia tu. Zote huvutika mpaka karibu na mbao za pembeni. Ardhi juu ya mgodi mpana hufanya vivyo hivyo. Bakuli linalotokea juu huwa pana kuliko uwazi uliopo chini. Katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza, ambako vipimo vilichukuliwa kwa miaka mingi, ilionekana kwamba athari hutoka nje ya mpaka wa mgodi kwa mwelekeo wa nyuzi zipatazo 35 kutoka wima. Tuseme makaa yako kina cha mita 200. Hesabu yake inatoa mita 140. Maana yake ni kwamba mtu ambaye shamba lake liko mita 100 nje ya mpaka wa machimbo, na ambaye ameambiwa kwamba yeye hayumo, bado yumo. Mpaka wa chini si mpaka wa juu. Neno hili nawaomba mlishike, maana ndilo lenye ugomvi mwingi kuliko yote.

Kuna jambo jingine la kushangaza katika bakuli hilo. Watu hudhani kwamba nyumba iliyoko katikati, ambako ardhi imeshuka zaidi, ndiyo inayoumia zaidi. Mara nyingi sivyo. Nyumba ya katikati hushuka yote kwa pamoja, kama mtu aliyeketi ndani ya lifti. Inayoumia sana ni ile iliyo kwenye mteremko wa bakuli na pembezoni mwake, ambako upande mmoja wa msingi unashuka na wa pili umebaki, au ardhi inavutwa huku na huku hadi inachanika. Hapo ndipo milango inapogoma kufunga, bomba la maji linapokatika na ukuta unapopata ufa wa kupitisha mkono.

Jambo la pili ambalo ardhi yaweza kufanya ni la ghafla: shimo kufumuka. Chukua gunia la mchanga, litoboe chini. Mchanga utaanza kumwagika, na baada ya muda utaona kishimo juu, ingawa wewe hukugusa juu. Chini ya ardhi paa la mgodi huanguka kipande kwa kipande, na uwazi hupanda kuelekea juu kama bomba la moshi. Lakini Mwenyezi Mungu ameweka breki katika jambo hili. Mwamba ukivunjika huumuka. Kifusi huchukua nafasi kubwa kuliko mwamba mzima. Ikiwa kifusi kimeongezeka kwa sehemu 3 katika kila 10, basi njia ya mgodi yenye kimo cha mita 3 itajaa na kujiziba baada ya paa kuanguka kiasi cha mita 10. Ndiyo maana uwazi uliopo mita 100 chini huenda usifike juu kabisa, na ule uliopo mita 8 chini ni mtego.

Hesabu hiyo ndogo ni muhimu kwa vijana wetu wanaoingia kwenye maduara. Duara fupi lenye njia za pembeni zilizopanuliwa ni la hatari kwa aliye ndani na kwa anayepita juu pia. Na kuna sharti: breki hiyo hufanya kazi pale ambapo mwamba ni mgumu na kifusi kinabaki mahali pake. Mchanga mlegevu hauumuki sana, na maji yakipita hukibeba kifusi, shimo likaendelea kupanda. Hapa Masasi na Newala zinatofautiana. Masasi imekaa juu ya miamba ya kale na migumu. Ile milima ya mawe inayosimama peke yake kuuzunguka mji ni ushahidi. Newala imekaa juu ya tabaka nene za mchanga na mwamba wa mchanga, na ndiyo sababu mvua ikinyesha maji huzama chini sana, na kina mama wakawa wanateremka mabondeni kuyatafuta. Jibu la kompyuta lililo sahihi kwa Masasi laweza kuwa upotovu mtupu kwa Newala, ingawa magari hutoka mji mmoja na kufika mwingine siku ile ile.

Sasa tuingie kwenye kompyuta yenyewe. Programu za kutabiri kudidimia kwa ardhi ni za aina tatu, na kila aina ina asili yake.

Aina ya kwanza ni ya uzoefu. Waingereza, kupitia shirika lao la taifa la makaa ya mawe, walipima ardhi juu ya migodi yao mingi kabla na baada ya kuchimba, kisha mwaka 1966 wakatoa kitabu cha mwongozo chenye michoro, wakakirekebisha mwaka 1975. Mhandisi aliangalia kina, upana na unene wa makaa, kisha akasoma kwenye mchoro ardhi itashuka kiasi gani. Waliona kwamba uwazi ukiwa mpana vya kutosha, ardhi yaweza kushuka hadi kiasi cha sehemu 9 kati ya 10 za unene uliotolewa. Makaa yenye unene wa mita 2 yakitolewa yote, juu panaweza kushuka karibu mita 1 na sentimita 80. Kompyuta ilipokuja, michoro hiyo iliingizwa ndani yake, kazi ikawa nyepesi.

Aina ya pili ni ya kujumlisha athari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa Poland, Stanisław Knothe, alitoa kanuni inayosema hivi: uwazi wote wa mgodi ugawe katika vipande vidogo vidogo. Kila kipande kina athari yake juu ya ardhi, kubwa pale kilipo wima na ndogo kadiri unavyosogea mbali. Jumlisha athari za vipande vyote katika kila nukta ya ardhi, utapata umbo la bakuli. Poland ilikuwa na haja ya elimu hiyo, maana huko Silesia miji imejengwa juu ya migodi, na mji wa Bytom umeshuka mita kadhaa katika baadhi ya sehemu zake. Kwa mkono hesabu hiyo huchosha. Kwa kompyuta ni kazi ya dakika. Huko Marekani wataalamu wa Virginia Tech walitengeneza programu iitwayo SDPS inayofuata njia hiyo. Huiambii mambo mengi: umbo la eneo litakalochimbwa, kina chake, unene wa tabaka, na ni sehemu gani ya ardhi ya juu iliyo mwamba mgumu. Nayo hukuchorea ramani ya kushuka, ya mteremko na ya mvutano, hata ukaweza kuweka alama ya kila nyumba.

Aina ya tatu hujaribu kuiga mwamba wenyewe. Ardhi hukatwa katika maelfu ya vijisehemu ndani ya kompyuta, kila kimoja kikapewa uzito wake, ugumu wake na kiwango chake cha kuvunjika. Kisha mchimbaji wa kwenye kompyuta huondoa vijisehemu, na programu hukokotoa jinsi vilivyobaki vitakavyosukumana hadi vitulie au viporomoke. Programu iitwayo FLAC, iliyotolewa na kampuni ya Itasca ya Minneapolis mwaka 1986, ni ya namna hiyo. Faida yake ni kwamba inaweza kutumika mahali pasipo na historia ya uchimbaji. Hasara yake ni kwamba inataka kujua mambo mengi kuhusu mwamba, na mambo hayo hupatikana kwa kuchoronga na kupima maabara, kazi ambayo ni ya fedha nyingi.

Msikilizaji wetu ameuliza kama hii ni ramli. Tofauti kati ya ramli na elimu ni kwamba elimu hukubali kuhesabiwa makosa yake. Nitatoa mfano mmoja, wenye huzuni.

Tarehe 21 Januari, 1960, huko Coalbrook nchini Afrika Kusini, mgodi wa makaa ya mawe uliporomoka. Mgodi ule ulichimbwa kwa mtindo wa kuacha nguzo: makaa yanatolewa, na vipande vingine vinaachwa vimesimama ili vishike paa. Ili kupata makaa zaidi, katika sehemu fulani walichimba pia yale ya juu, nguzo zikawa ndefu bila kuwa nene. Mamia ya nguzo yalipondeka, nguzo moja ikiishindwa na kumtwika jirani yake mzigo. Watu 435 walikufa, wengi wao vibarua kutoka Basutoland na Msumbiji, yaani kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma tunaouona sisi, na miili yao haikupata kutolewa.

Baada ya msiba ule serikali na wenye migodi waligharimia utafiti. Miklos Salamon na mwenzake Munro walikusanya habari za sehemu 98 za migodi ambazo nguzo zake zilisimama na 27 ambazo nguzo zake zilianguka, wakatafuta ni kanuni gani inayotenganisha makundi hayo mawili. Mwaka 1967 waliichapisha. Inasema kwamba nguvu ya nguzo huongezeka kwa unene wake na hupungua kwa urefu wake, na inatoa kiasi hasa. Chukua nguzo yenye unene wa mita 10 na urefu wa mita 3. Ukichimba paa hadi urefu uwe mita 4 na nusu, bila kugusa ubavu wa nguzo, umekwisha poteza karibu robo ya nguvu yake. Kwa macho nguzo ni ile ile. Kanuni hiyo leo imo ndani ya programu nyingi za kupanga migodi ya nguzo, na mtoto wa chuo anaweza kuikokotoa kwa nukta moja. Lakini kila tarakimu iliyomo ilitolewa mahali ambapo nguzo zilisimama au zilianguka. Hii si ramli, ndugu zangu. Ramli haijengwi kwa kuhesabu mahali iliposhindwa.

Hata hivyo, kompyuta ni kinu. Ukitia muhogo utatwanga muhogo. Ukitia mawe, unga wake utakuwa wa mawe, hata mtwangaji awe hodari kiasi gani. Programu haijui kwamba kuna duara la zamani ambalo halikuchorwa katika ramani. Haijui kwamba mchimbaji alipanua njia usiku kuliko ilivyoandikwa kwenye kibali. Haijui juu pamewekwa nini, mpaka iambiwe.

Jirani zetu wa Zambia waliliona hilo. Katika mgodi wa shaba wa Mufulira, uchimbaji ulifanywa kwa mtindo wa kuacha mwamba wa juu uporomoke kadiri shaba inavyotolewa. Juu ya eneo hilo lilikuwapo bwawa la matope, mabaki ya shaba iliyosagwa. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Septemba, 1970, ardhi ilifumuka na matope yapatayo tani milioni 1 yakamiminika ndani ya mgodi. Wafanyakazi 89 wa zamu ya usiku walikufa. Hapo ilijulikana kwamba swali halikomei kwenye ardhi itashuka kiasi gani. Lazima pia kuuliza kuna nini juu ya ardhi hiyo, na kikiingia chini kitamkuta nani.

Na kuna suala la maji, ambalo watu wa uwanda wa Makonde wanalijua kuliko mtu yeyote. Mgodi wa chini hauwezi kufanya kazi ukiwa umejaa maji, kwa hiyo hupigwa pampu mchana na usiku. Katika machimbo ya dhahabu ya magharibi ya Johannesburg kuondolewa kwa maji kulikausha chemchemi, kisha mapango yaliyokuwa yameshikwa na maji hayo yakaanza kuporomoka. Tarehe 12 Desemba, 1962, katika mgodi wa West Driefontein, shimo lilifumuka na kumeza jengo zima la mtambo wa kusagia mawe pamoja na watu 29. Mwamba wa Newala si wa namna ile, na sisemi kwamba jambo lile litatokea kwetu. Nasema kwamba kijiji ambacho maji yake ni ya kuteremkia bondeni, au mji kama Ndanda ulio chini ya ukingo wa uwanda na unaotegemea chemchemi zinazotoka humo, hauwezi kuridhika na ramani ya nyufa za nyumba peke yake. Lazima uulize maji yatakwenda wapi.

Je, tukikosa imani na utabiri tufanye nini? Jibu ni kupima. Utabiri usiopimwa ni maneno. Siku hizi kuna setelaiti zinazopiga rada na kulinganisha picha ya leo na ya siku 12 zilizopita, zikagundua ardhi iliyoshuka kwa milimita chache tu. Setelaiti ya Sentinel-1 ya Ulaya ilirushwa mwaka 2014, na picha zake hutolewa bure. Nayo ina kasoro: rada hiyo husoma vizuri mabati na mawe matupu, lakini majani huisumbua. Katikati ya mji wa Masasi itaona mengi. Ndani ya mashamba ya mikorosho ya Newala itaona machache. Kwa hiyo kigingi cha zege kilichopimwa na mpima ardhi kabla uchimbaji haujaanza bado ni shahidi wa kutegemewa. Na kwa mwenye nyumba iko njia ya kale: bandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa saruji, uandike tarehe. Kioo kikikatika, ufa unatembea. Picha ya nyumba iliyopigwa kabla ya mgodi kuanza, yenye tarehe na shahidi, huweza kumwokoa mtu na maneno mengi mahakamani.

Hapa ndipo programu ya kompyuta inapoacha kuwa habari ya wahandisi na kuwa habari ya haki. Kampuni inayotaka kuchimba ina ramani ya utabiri. Mwanakijiji hana. Kampuni inajua nyumba zipi ziko kwenye mteremko wa bakuli. Mwanakijiji anajua tu kwamba ameitwa mkutanoni. Nchini Uingereza iliwekwa sheria maalum mwaka 1991 kuhusu kudidimia kwa ardhi juu ya migodi ya makaa, inayomtaka mwenye mgodi kutengeneza au kulipa kilichoharibika. Kwetu Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamtaka mwenye leseni apate ridhaa kabla ya kufanya kazi karibu na makazi na mashamba ya watu, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari, ambayo wananchi wana haki ya kushirikishwa. Haki ya kushirikishwa lakini hutumiwa vizuri na anayejua la kuuliza.

Basi ngoja niwape wasikilizaji maswali matano ya kwenda nayo katika mkutano mkuu wa kijiji, siku mgodi wa chini utakapobisha hodi.

La kwanza: mmetabiri ardhi itashuka kiasi gani, na tuonyesheni ramani yake yenye nyumba zetu, shule, zahanati na visima. Asiyekuwa na ramani hiyo aambiwe akaitafute, ndipo arudi.

La pili: mmetumia vipimo vya mwamba wa wapi? Kama vimetoka katika mashimo yaliyochorongwa papa hapa, vema. Kama vimeazimwa kutoka nchi nyingine, tujue hivyo.

La tatu: uwazi utaachwa au utajazwa? Bulyanhulu hurudisha mabaki ya mawe yaliyosagwa chini, yakiwa yamechanganywa na saruji, kujaza mahali palipochimbwa. Kujaza ni gharama, lakini hupunguza sana kushuka kwa ardhi. Aseme mapema, na iandikwe.

La nne: nani atapima, mara ngapi, na vipimo vitabandikwa wapi? Vipimo vinavyokaa ofisini kwa kampuni havimwonyi mtu. Nakala iende kwa Afisa Madini Mkazi na nyingine ibandikwe ofisi ya kijiji.

La tano: mgodi ukifungwa, dhamana iko wapi? Nguzo za chini huendelea kuchakaa wachimbaji wakishaondoka. Ardhi yaweza kutulia miaka 30 ikashuka mwaka wa 31, na wakati huo anayelalamika atakuwa mjukuu.

Kwa wachimbaji wadogo sina programu ya kuwauzia. Mwezi Novemba 2015, huko Nyangalata katika wilaya ya Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya kukaa siku 41 chini ya kifusi. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao, lakini asiwepo mtu wa kuijengea hesabu bahati ile. Matimba yasipunguzwe ili kuokoa mbao. Njia mbili zisichimbwe karibu mno hata ukuta kati yake ukawa mwembamba kama mkeka. Nguzo isichongwe kwa sababu ina madini mazuri. Mara nyingi nguzo huwa na madini mazuri, na ndiyo sababu watu hufa. Na duara likiachwa lizibwe au lizungushiwe uzio, na mahali pake paandikwe katika ramani ya kijiji, ili mtu asije akajenga juu yake.

Kwa ujumla basi, namjibu mwalimu wangu wa Newala hivi: kompyuta haioni chini ya ardhi na haitabiri kama mganga. Inakumbuka kwa niaba yetu mahali pote ambapo ardhi ilikwisha shuka, na inapiga hesabu haraka kuliko sisi. Ikipewa vipimo vya kweli hutoa onyo la kweli, na onyo hilo lina thamani likimfikia yule ambaye nyumba yake iko juu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili ufa wa kwanza huwa kwenye karatasi ambayo hatukuomba kuonyeshwa.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya uvunaji wa maji ya mvua kwenye mapaa ya nyumba, jambo ambalo wasikilizaji wengi wa uwanda wa Makonde wameliulizia. Hadi wakati huo, nawatakia kazi njema. Kwaherini.